Kabla hamjalipia bustani ya hoteli kwa ndoa ya Kikatoliki, someni yaliyompata mdogo wangu

Kaka wa Kimara (mleta uzi)

Tumsifu Yesu Kristo, wakuu. Na kwa wasio Wakatoliki, habari za jioni.

Jambo hili nimekaa nalo zaidi ya mwaka. Leo naliandika kwa sababu wiki hii nimepokea kadi tatu za michango, na mbili zinasema ibada ya ndoa itafanyika ufukweni. Wanaoalika ni Wakatoliki wenzangu, watu ninaowapenda, na sitaki wapite tulipopita sisi.

Mdogo wangu wa kike alifunga ndoa Kigamboni, kwenye bustani ya hoteli iliyo hatua chache tu kutoka baharini. Machoni petu hakuna kilichopungua. Mafundisho ya ndoa walimaliza, vyeti vya ubatizo na kipaimara walipeleka, matangazo yalisomwa Jumapili tatu na hakuna aliyejitokeza na kizuizi. Padre alikuwa padre kweli, rafiki wa shemeji tangu shuleni, anatumikia jimbo moja la bara, akaja likizo kwa ajili yao. Mashahidi walisaini. Mama alilia, mashangazi wakapiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilisimama nimeshika mwamvuli juu ya meza ya altare, maana jua la saa nane lilikuwa likimpiga padre usoni na upepo ukitaka kubeba kitabu chake.

Mwaka na kitu baadaye Mungu akawajalia mtoto. Wakaenda ofisi ya parokia kumwandikisha ubatizo, nami nikawasindikiza. Katibu wa ofisi akaomba cheti cha ndoa. Shemeji akatoa kile cha serikali. Katibu akasema sawa, ngoja nichukue namba ya kitabuni. Akashusha kitabu cha ndoa, kile kikubwa cha jalada gumu, akaanza kupitisha kidole safu kwa safu. Akafika mwisho wa mwezi ule, akarudi juu. Akaanza tena toka Januari. Kisha akainua kichwa akauliza kwa upole kabisa: "Yule padre aliyewafungisha, idhini alipewa na nani?"

Tukatazamana.

Paroko wetu alidhani padre mgeni ameomba idhini kule Kigamboni. Padre mgeni alidhani paroko wetu amemaliza kila kitu. Sisi wa kamati tulidhani mapadre wameshaongea wao kwa wao. Na paroko mwenye eneo ambamo hoteli ile imo hakujua kabisa kwamba siku ile kuna watu wanafunga ndoa kwake.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikukisikia hata kwenye mafundisho yangu mwenyewe ya ndoa. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1108, inasema ndoa ya Mkatoliki ni halali inapofungwa mbele ya askofu wa mahali, au paroko, au padre au shemasi aliyekasimiwa mamlaka na mmoja wao, pamoja na mashahidi wawili. Kanuni ya 1109 inaongeza kwamba askofu na paroko wanayo mamlaka hayo ndani ya mipaka ya eneo lao. Mipaka ya eneo, ndugu zangu. Paroko wa Kimara akipanda pantoni kwenda Kigamboni kuwafungisha waumini wake mwenyewe, aliowafundisha na kuwatangazia, bila idhini ya paroko wa kule wala ya askofu, anashuka upande wa pili akiwa padre kamili lakini hana mamlaka ya kupokea viapo vyao. Kama paroko wao mwenyewe yuko hivyo, mgeni wa likizo je?

Sasa kuhusu mchanga na bahari, kwa sababu hapo ndipo watu wote hubishana. Kanuni ya 1118 inataka ndoa ya Wakatoliki wawili, au ya Mkatoliki na Mkristo mwingine aliyebatizwa, ifungwe katika kanisa la parokia. Paroko anaweza kuruhusu kanisa jingine au kikanisa. Mahali pengine panapofaa, yaani bustani, ukumbi, nyumbani, ufukweni, anayeruhusu ni askofu wa mahali. Paroko peke yake hawezi, hata awe rafiki yenu kiasi gani. Ila shikeni tofauti hii, maana ndiyo kiini cha uzi wote: kukosa kibali cha mahali ni kosa la utii, ni kuvunja utaratibu, lakini hakuifanyi ndoa kuwa batili. Kukosa mamlaka ya anayefungisha kunaibatilisha. Mtu anaweza kufunga ndoa halali chini ya mnazi. Na mtu anaweza kusimama mbele ya altare ya marumaru, maua pande zote, kwaya inaimba, na ndoa isiwepo, kwa sababu padre aliyekuja na familia hakuomba idhini kwa paroko wa kanisa lile.

Sisi tulihangaika miezi kuuliza kama Kanisa linakubali ufukwe. Hakuna hata mmoja aliyeuliza padre huyu anafungisha kwa mamlaka ya nani.

Tulivyomaliza: paroko aliandika jimboni, majibu yakaja. Kanuni ya 1160 inasema ndoa iliyobatilika kwa kasoro ya namna ya kuifunga inafungwa upya kwa namna inayotakiwa. Ilikuwa siku ya kazi, baada ya misa ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mdogo wangu alivaa kitenge, mtoto amembeba mama yetu. Mashahidi walikuwa mimi na mke wangu. Walipofika kwenye maneno "nakupokea wewe uwe mume wangu" sauti ilimkatika, akanyamaza, paroko akamsubiri. Kisha paroko akaandika kitabuni mbele yetu, akageuza kitabu ili sote tuone jina.

Naomba maoni na maswali. Mimi si padre, ni katibu wa jumuiya tu, lakini kwa hili nimesoma na nimeuliza sana.

Mama Wawili

Pole sana kaka yangu. Nimesoma hadi mwisho nikashika kichwa. Sasa huyo mtoto aliyezaliwa katikati hapo Kanisa linamhesabuje? Na mdogo wako ule mwaka mzima alikuwa anakomunika akiwa katika dhambi?

Kaka wa Kimara

Asante dada. Swali la mtoto ndilo lililomnyima mama yetu usingizi. Kanuni ya 1137 iko wazi: watoto wa ndoa halali na wa ndoa iliyodhaniwa kuwa halali wote ni watoto wa ndoa. Kwa kuwa hao wawili walifunga kwa nia njema, hakuna doa kwa mtoto, na alibatizwa.

Kuhusu komunyo, paroko aliwaambia waziwazi kwamba huwezi kutenda dhambi ya jambo usilolijua. Baada ya kujua, waliombwa wasikomunike mpaka mambo yawekwe sawa. Jumapili hizo zilikuwa ngumu. Mdogo wangu ni mwanakwaya, alikuwa anabaki amekaa peke yake wenzake wote wakipanga mstari. Watu wa jumuiya wakaanza kunong'ona. Ndiyo maana nimeandika.

Mpita Njia

Mimi naona Kanisa linajitafutia ugumu. Watu wawili wamependana, wazazi wamekubali, mahari imelipwa, Mungu anaona. Idhini ya paroko wa Kigamboni inamhusu nini Mungu? Bomani mnamaliza mambo mchana mmoja.

Kaka wa Kimara

Mkuu, nakujibu kwa heshima maana nami nililisema hilohilo ofisini siku ile, tena kwa hasira.

Zamani Kanisa lilitambua ndoa ya wawili waliopeana neno hata kama hawakuwa na padre wala shahidi. Matokeo yake mwanamume anampa binti neno gizani, anazaa naye, kisha anakana na kufunga ndoa nyingine mbele ya watu. Binti hana pa kushika. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563 ndio ulioweka sharti la paroko na mashahidi, na mwaka 1907 Papa Pius wa Kumi akalisambaza karibu kila mahali. Kwa hiyo sharti lililonitoa machozi liliwekwa ili dada wa mtu asikanwe. Paroko wa eneo anajua nani anaingia kwake kufunga ndoa, anaandika kitabuni, na taarifa inarudi kwenye parokia uliyobatizwa ili iandikwe pembeni ya jina lako. Mtu akitaka kuoa mara ya pili kwa siri, cheti chake cha ubatizo kinamsema.

Na bomani si mchezo pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla. Ndoa ile ni ndoa kamili mbele ya serikali, na kuivunja ni mahakamani. Ila kwa Mkatoliki aliyefungwa na sharti hili, bomani peke yake haimpi ndoa mbele ya Kanisa.

Katekista Mstaafu

Mwanangu umeeleza vizuri, Mungu akubariki. Niongeze machache kwa faida ya vijana.

Kwanza, paroko msaidizi naye hana mamlaka haya kwa kuwa tu anaishi pale parokiani. Anapewa. Kwa kawaida anapewa idhini ya jumla, na idhini ya jumla ni lazima iwe kwa maandishi, kanuni ya 1111. Idhini ya ndoa moja inatolewa kwa padre anayejulikana kwa ajili ya ndoa inayojulikana. "Padre yeyote atakayekuja" haipo. Ombeni barua, na nakala ikae kwenye faili la ndoa.

Pili, mashahidi. Vijana wanachanganya na wasimamizi. Sheria inataka watu wawili waliopo, wanaoona na kusikia wawili wakipeana kiapo, na wanaoweza kutoa ushuhuda. Kwamba wasimamizi wawe wanandoa wa Kikatoliki wa mfano ni desturi yetu nzuri, ishikeni, lakini ndoa haibatiliki kwa shahidi kuwa Mlokole au Mwislamu.

Tatu, kuna wanaojua kanuni ya 144, kwamba Kanisa hujazia mamlaka pale jamii nzima inapokosea kwa kuamini padre anayo. Ni kweli ipo. Lakini kama ilifanya kazi katika ndoa fulani au haikufanya ni suala la mahakama ya Kanisa kulipima. Usiipange harusi yako juu yake.

Dada wa Mbagala

Shikamoo baba katekista. Mimi Mkatoliki, mchumba wangu Mwislamu. Hataki kubadili dini na mimi sitaki. Familia yake imesema kanisani hawaingii, ila nyumbani kwetu watakuja wote. Inawezekana padre aje nyumbani?

Katekista Mstaafu

Marahaba mwanangu. Wewe una unafuu mmoja ambao Wakatoliki wawili hawana. Kanuni ya 1118 hiyohiyo, kifungu cha tatu, inasema ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa inaweza kufungwa kanisani au mahali pengine panapofaa. Nyumbani kwenu, pakiwa pa heshima, inawezekana. Zungumza na paroko wako.

Lakini una mlima mwingine. Tofauti ya dini ni kizuizi kinachobatilisha ndoa, kanuni ya 1086, mpaka askofu akuondolee. Ruhusa hiyo inaombwa kabla, kupitia paroko wako. Utaahidi kulinda imani yako na kufanya yote uwezayo watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Mchumba wako haahidi chochote na hasaini chochote kinyume cha dini yake. Anachotakiwa ni kujulishwa ahadi yako, aijue kwelikweli. Kaa naye mwambie mwenyewe kabla hajaisikia kwa padre.

Na jingine, mwanangu, usiligeuze kuwa ugomvi wa familia siku ya mwisho: kufunga kwa padre asubuhi halafu nikaha jioni, au kinyume chake, hairuhusiwi. Kiapo cha ndoa hakitolewi mara mbili. Walimu wa dini zote mbili wanaweza kuwepo, wakaomba dua, wakatoa nasaha, lakini kiapo ni kimoja. Ongeeni mapema na wazee wa pande zote mbili.

Mwana Chang'ombe

Na sisi tunaooa Walutheri? Kwao wanataka ifungwe Azania Front, mchungaji wao afungishe.

Katekista Mstaafu

Unahitaji ruhusa ya askofu kwa ndoa mseto. Na kama mchungaji ndiye atakayepokea viapo, unahitaji pia kusamehewa sharti la kufungishwa na padre wetu, kanuni ya 1127. Askofu wako anaweza kukupa msamaha huo pakiwa na ugumu mzito, na ndoa ikifungwa hivyo ni halali kabisa. Ukienda bila msamaha huo, ni batili kwa upande wa Kanisa letu hata kama mchungaji ni mtakatifu.

Mtoto wa Posta

Mchumba wangu yuko Marekani, vibali vyake bado. Tunaweza kufunga kwa video, padre akiwa kwetu na yeye kwenye skrini?

Kaka wa Kimara

Hapana mkuu. Kanuni ya 1104 inataka wawili wawepo mahali pamoja, ama wao wenyewe ama kwa mwakilishi. Mwakilishi anateuliwa kwa hati maalumu iliyosainiwa kwa masharti yake, na padre hawezi kufungisha ndoa ya namna hiyo bila ruhusa ya askofu. Skrini si mwakilishi. Msubiri, au uone paroko kuhusu hiyo njia ya hati.

Mama Wawili

Baba katekista, na mgonjwa je? Mjomba wangu yuko wodini, ameishi na mama watoto wake zaidi ya miaka 20 bila ndoa. Amesema hataki kufa hivyo.

Katekista Mstaafu

Mama, usisubiri kesho. Piga simu usiku huu kwenye parokia ambayo hospitali imo ndani yake. Padre anayehudumia wagonjwa pale naye anahitaji idhini ya kufungisha, kwa hiyo paroko ajulishwe. Kama wote wawili hawana kizuizi kinachojulikana, mambo ya hatari ya kifo yana wepesi wake mkubwa, matangazo hayasubiriwi. Na kama ikifika hapo kwamba hapatikani padre mwenye mamlaka, kanuni ya 1116 inawaruhusu kupeana kiapo mbele ya mashahidi wawili tu, hapo hapo kitandani, na ni ndoa halali. Akiwepo padre mwingine yeyote karibu, aitwe awepo. Yaliyofanyika yaandikwe na yapelekwe parokiani.

Mimi mwenyewe nimewahi kuwa shahidi wa ndoa ya wodini. Bwana harusi hakuweza kuinua mkono, muuguzi akaushika mkono wa bibi harusi akauweka juu ya kiganja chake. Pete zilikuwa za kuazima.

Mama Wawili

Asante baba. Tumepiga. Padre anakuja.

Kijana wa Bunju

Kaka wa Kimara, umenitoa jasho. Ndoa yetu ni wiki saba zijazo, Bagamoyo, hoteli ya ufukweni, tumeshalipa nusu. Padre ni paroko msaidizi wa kwetu, kasema "hakuna shida, nitakuja". Kibali cha mahali hatuna. Nifanyeje?

Kaka wa Kimara

Mdogo wangu, wiki saba ni nyingi, shukuru Mungu umesoma leo. Kesho asubuhi nenda kwa paroko wako, usiende kwa msaidizi.

Na Bagamoyo kuna jambo la kuangalia zaidi. Machi 2025 Papa Fransisko aliunda Jimbo la Bagamoyo, limemegwa kutoka Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Jimbo la Morogoro, na lina askofu wake. Kwa hiyo uliza kwanza hoteli iko jimbo gani na parokia gani. Kama ni Jimbo la Bagamoyo, kibali cha mahali kinaombwa kwa askofu wa kule, si kwa Askofu Mkuu wetu, na padre wako anahitaji kukasimiwa na paroko mwenye eneo au na askofu yule. Idhini aliyonayo ya parokia yenu haivuki mpaka. Neno "hakuna shida" ndilo tulilolisikia sisi pia.

Na ujiandae: askofu anaweza kukataa ufukwe. Akikataa, usimtafute padre mwingine atakayekubali.

Kijana wa Bunju

Nimetoka ofisini sasa hivi. Paroko hakunikaripia. Alimwita msaidizi, wakakaa wote, ikaonekana msaidizi naye alidhani Bagamoyo ni kwetu. Akampigia simu paroko wa kule tukiwa palepale. Yule wa kule akasema barua ya kumkasimu padre wetu ataandika, ila kwa bustani ya hoteli hawezi kutuahidi, lazima iende kwa askofu, na akashauri tufunge kanisani kwake saa sita mchana kisha tushuke hotelini kwa sherehe.

Nimempigia mchumba wangu. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama kanisa lile ndilo la pale wamisionari walipofika mwaka 1868, nikamwambia sijui, ngoja nimuulize paroko. Amesema hata kama si lenyewe, sawa. Mama yake ameanza kupiga simu kubadilisha saa kwenye kadi.

Hoteli tumewaambia viti vya ibada waviondoe, meza zibaki.